Upande wa Wali

3 Februari

Kwako Shuhei, mkimbizi wa theluji,

Katika historia nzima ya mtaa wetu wa Hamanishi, mimi ndiye mtu pekee aliyeanguka kutoka paa la danjiri, gari letu la mbao la sherehe linalovutwa kwa kamba, likiwa mbioni, akaipiga lami kwa kichwa, na lami ndiyo ikapelekewa mafundi. Nenda kaulize. Kona ya duka la tofu manispaa wamemwaga lami mpya, nyeusi ti, na mimi niko hapa nyumbani natafuna samaki. Madaktari walinifungua fuvu, wakachungulia, wakaona hakuna cha kuongeza, wakafunga. Mmoja nadhani alifuta machozi ya wivu.

Usicheke peke yako huko baridini, watakudhania chizi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu inaniumiza kichwa, na kwa sababu umebadilisha namba kama mtu aliyetorosha binti wa watu. Anwani nimeipata kwa bibi yako. Hakutaka kunipa. Nikakaa mlangoni pake nikiimba wimbo wa kuvutia danjiri mpaka majirani wakatoka nje, akanipa ili ninyamaze. Kwa hiyo siku hizi unafunga majukwaa ya ujenzi chini ya madaraja ya Hokkaido. Haya. Wenzako wanajua kwamba fundo lako la kwanza lilifunguka na ndoo ya rangi ikamshukia msimamizi? Nikitaka nitawaandikia na wao.

Hali yangu ni nzima. Nywele zimeota zimefunika kovu, natembea, nakojoa nimesimama. Watu mtaani wananiambia, "Rintaro, umepona kabisa, mtu hawezi hata kujua." Nawajibu sikuugua, nilipumzika. Naenda kituo cha mazoezi ya tiba, kuna mwalimu mmoja, Bi Hamaguchi, ananichorisha maua na saa kama mtoto wa chekechea. Nachora. Maua yangu ni mazuri kuliko yake.

Kinachoniudhi ni mama. Amekuwa bahili. Ananiletea sinia, supu ipo, samaki yupo, wali hakuna. Mwanamume gani anakula bila wali? Jana nikamwambia, "Mama, kama biashara ya chapati za kabichi imekufa, sema, nirudi kazini." Akanitazama, akalishika sinia akaligeuza, wali ukatokea. Ananifanyia mazingaombwe mama huyu. Sikumpigia makofi.

Sasa sikiliza. Septemba, sherehe ikifika, napanda tena. Mzee Oku na wazee wenzake watakaa mwezi wa nne kuamua nani acheze juu ya paa, na mwingine hayupo. Daichi wa duka la pikipiki anaruka kama kuku aliyeloa. Wewe urudi ushike breki yako ya mbele, mimi juu na wewe chini, tuikate kona ya duka la tofu kwa mbio kama tulivyoapa tukiwa bado tunavuta kamba ya watoto.

Hospitalini hukuja hata mara moja. Nimeamua kwamba ulikuja nikiwa nimelala. Usinisahihishe.

Mwenye paa lake,
Rintaro


24 Februari

Rintaro,

Kwanza, ile ndoo ilikuwa yako.

Barua imefika imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Kwa nini unaandika nusu karatasi? Unaanza upande wa kulia kama Wajapani wote, unateremsha mistari yako vizuri kutoka juu hadi chini, ukifika katikati unaacha, unachukua karatasi nyingine. Upande mzima wa kushoto mweupe. Wenzangu bwenini wanauliza kama rafiki yangu ni mtoto wa tajiri wa karatasi.

Huku tunafunga majukwaa chini ya daraja la reli. Rangi haikauki, tunaiwashia majiko kama mgonjwa. Msimamizi wetu hatukani mtu. Ni jambo la kutisha, hujui kama amefurahi.

Nimefurahi kusikia umepona. Bibi alikuwa ameniambia mengine, lakini bibi hukuza mambo.

Septemba sidhani kama nitapata ruhusa. Koti la mtaa la sherehe nimeliacha kwa bibi. Breki mpeni mwingine, vijana wapo. Na wewe usiwe na haraka ya kupanda. Mama yako bado anatia tangawizi nyekundu kama ya bure? Msalimie.

Hospitalini sikuja. Nakusahihisha.

Shuhei


9 Machi

Kwako Mwalimu Hamaguchi,

Ulisema nikishikwa na hasira niandike badala ya kurusha vitu. Basi naandika. Kile kikombe cha Alhamisi kilikuwa na ufa tayari.

Uliniwekea karatasi yenye vistari, ukaniambia nikate kila kimoja katikati. Nikavikata vyote. Ukasema kuna vingine. Havikuwepo. Ukaigeuza karatasi, vikawepo. Wewe na mama yangu mmesomea chuo kimoja.

Halafu ukaniambia, "Rintaro, jicho lako ni zima. Ubongo wako ndio ulioacha kuuhesabu upande wa kushoto." Nikakujibu kwamba ningekuwa sioni kushoto, ningejua. Ukasema, "Hilo ndilo gumu lenyewe." Jibu gani hilo? Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini ujanja wa maneno naujua nikiusikia.

Mlango wa kituo umenigonga bega la kushoto, sikatai. Ni mlango mbovu. Baiskeli ya posta iliyonigonga nayo mbovu. Na Bi Kurata, yule msusi anayekuja kwako Jumanne, ameniona nimenyoa ndevu upande mmoja akauliza, "Huo mwingine umemwekea nani?" Ni mtindo. Yeye ni msusi, alipaswa kujua.

Naomba mambo mawili. La kwanza, mwandikie Mzee Oku kwamba kichwa changu kinafaa kupanda paa.

La pili, rafiki yangu Shuhei asiambiwe habari hii ya kushoto. Mama nimemwapisha. Shuhei ameniuliza kwa nini naandika nusu karatasi. Nikaitazama karatasi na nikaiona imejaa. Nitamwambia ni heshima. Unajua, Mwalimu, huyo ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye ananitukana kama zamani. Wengine wote wananisemesha kama wananivusha barabara.

Asiyekubali,
Rintaro Nishide


14 Machi

Rintaro,

Asante kwa kuandika. Kikombe hakikuwa na ufa, nilikinunua mwezi ule ule. Yamekwisha.

Umeniuliza jibu gani lile, na ulikuwa na haki ya kuuliza. Ulipoanguka, ubongo wako uliumia upande wa kulia. Hapo ndipo anapokaa mlinzi anayeangalia kushoto kwako. Jicho linaona, taarifa inafika, lakini mlinzi hayupo kuipokea. Ndiyo maana huoni pengo. Mlinzi asiyekuwepo hawezi kuja kuripoti kwamba hayupo. Huo si ukaidi wako, ingawa ukaidi pia unao.

Hasira inayowaka kabla hujaijua ni jeraha hilo hilo. Uchovu unaokuangusha mchana kama gunia, nao ni jeraha hilo hilo. Halionekani kwa nje. Wanaokuambia "mtu hawezi hata kujua" wamesema kweli kuliko wanavyodhani.

Mzee Oku nimemwandikia. Nimesema usipande paa. Nimesema pia kwamba yapo mengi unayoyaweza, na akitaka kuyajua akuulize wewe, asiniulize mimi.

Ndani ya bahasha kuna uzi mwekundu. Ufunge kwenye mkono wa kushoto. Kabla ya kula, kuvuka barabara, kuandika au kusoma, utafute uzi kwanza. Hautamwamsha mlinzi, ila utamshikia zamu. Na Jumamosi njoo kwenye ukumbi wa mtaa wa pili, kuna kikundi cha watu walioumia ubongo pamoja na jamaa zao. Bi Kurata ndiye anayepika chai. Huwa anasahau majani.

Rafiki yako sitamwambia, kwa kuwa siri si yangu. Lakini fikiri hili. Mtu anayekutukana kama zamani bila kujua lililokupata, anamtukana mtu wa zamani. Wewe anakuwa hajakufikia.

Hamaguchi


30 Aprili

Kwako Shuhei usiye na adabu,

Nusu karatasi ni heshima. Watu wakubwa huacha nafasi ili msomaji apumue. Wewe barua yako inakatika hewani kama simu ya bure, hata kuaga huagi.

Wazee wamekaa. Paa wamempa Daichi. Ndiyo, kuku aliyeloa. Mzee Oku alipiga magoti mbele yangu kwenye mkeka, mzee mzima na magoti yake mabovu, akasema, "Rintaro, mimi ndiye niliyekuokota pale kwenye lami. Mikono hii haitaki kuirudia kazi ile." Nikarusha sahani ya figili. Ilimpata mkuu wa kamba. Baadaye nikalala palepale mkutanoni, maana usingizi wangu siku hizi haubishi hodi, na nilipoamka walikuwa wamenifunika koti la mtaa. Wangenipiga ningeelewa. Kunifunika ndiko kulikoniuma.

Usinihurumie, bado sijamaliza. Nimejiunga na kikundi cha watu wenye vichwa vya gharama. Kuna Bi Kurata, msusi, alipasuka mshipa wa kichwa huku anaosha nywele za mteja. Sasa maneno yanamkimbia, mkasi anauita "yule mkali". Kuna dereva wa lori ambaye kicheko kinamtoka msibani na hawezi kukizuia, mke wake huja naye akiwa na barua ya kuomba radhi tayari imeandikwa. Humo ndani hakuna anayesema "umepona kabisa". Ukisinzia wanakuwekea mto. Ukikasirika wanasogeza vikombe, mazungumzo yanaendelea. Niliwaambia wamenipokonya paa. Bi Kurata akafikiri, akasema, "Chukua basi ile... ile... ya soda." Kreti. Alitaka kusema nipande kreti ya soda. Tulicheka mpaka nikalia. Halafu nikarudi nyumbani nikapanda kreti.

Mpango ndio huu. Daichi anapotea pale kona ya duka la tofu, anaruka kabla ya ngoma. Kwa hiyo ninamfundisha, kila jioni, namtukana kwa moyo wote. Na siku ya sherehe nitasimama kwenye kona ile juu ya kreti na pepeo zangu mbili za kuchezea, nicheze mchezo mzima pale chini, yeye kule juu anitazame na kunifuata. Mzee Oku alikaa na jambo hili wiki nzima. Jibu lake: "Kreti iwe imara."

Kwa hiyo kona bado ni yangu, usije ukasema sikukuambia.

Sasa nijibu wewe. Kwa nini ulikimbia? Bibi yako akisikia jina langu anashika ufagio anafagia palipokwisha fagiliwa.

Mwenye kona yake,
Rintaro


8 Juni

Rintaro,

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi.

Siku ile kwenye kona nilikandamiza breki kabla ya filimbi. Si kwa muda mrefu, ni kama pumzi moja. Nilisikia danjiri likishtuka, kivuli cha pepeo zako kikapita juu yangu, halafu watu wakapiga kelele. Wote walisema ni mvua, paa lilikuwa limeloa. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Nilimwacha Mzee Oku anyooshe mikono yake iliyojaa damu yako huku nimeshika breki kama nimegandishwa. Baada ya mwezi nikaondoka.

Watu wengi wana video. Itazame, utajua.

Mimi ndiye wa mbele, kushoto kwenye picha, koti limefunguka. Utauona mkono wangu ukishuka mapema.

Hospitali nilifika. Nilifika mpaka kwenye lifti. Mlango ukafunguka, nikamwona mama yako amebeba kandambili zako kwenye mfuko wa plastiki. Nikamwinamia, nikageuka, nikatoka. Hakunitambua.

Kila barua yako ninaifungua nikijua kwamba leo utaniuliza, na wewe unanitukana tu kana kwamba hakuna kitu. Sasa umejua. Ukinyamaza nitaelewa.

Shuhei


21 Juni

Kwako Shuhei mwenye majivuno,

Yaani wewe unaamini mtu kama mimi anaweza kuangushwa na mkono wako? Mkono ulioshindwa kufunga fundo la ndoo?

Nisikudanganye, nilikasirika. Nilitoka nikatembea hadi kwenye kizuizi cha mawimbi, nikakitukana kizuizi kwa jina lako, nikarudi nikaipiga teke kreti. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia ni mazoezi.

Lakini siku ile haimo kichwani mwangu. Nakumbuka mama akinipa matonge ya wali asubuhi nikiwa navaa soksi za sherehe. Baada ya hapo nakumbuka dari ya hospitali. Katikati pamefutwa. Siwezi kukushtaki na siwezi kukusamehe, shahidi hayupo. Wewe umekaa huko baridini unasubiri hukumu ya hakimu asiyekuwepo mahakamani.

Video nimeitazama, Daichi alinishikia simu. Nimerudia. Naona ukuta wa duka la tofu, naona watu wanakimbia na kamba, najiona mwenyewe hewani, mzuri kuliko ndege. Wewe humo. Nimetafuta. Humo kabisa kwenye video, kwa hiyo acha kujipa cheo.

Kosa lako ninalolijua ni moja, hukuja hospitalini, hata kufika mlangoni. Hilo nitakudai mpaka uzeeni.

Njoo Septemba. Breki kama hutaki usiishike. Njoo usimame karibu na kreti yangu, basi. Nikikuona nitajua mambo yamekwisha, na wewe utajua. Hatutahitaji kusema kitu. Wewe kusema hujui, na mimi nikianza sinyamazi.

Na ununue ngisi mkavu wa huko. Usije mikono mitupu kama mgeni wa mkoani.

Rintaro


19 Septemba

Rintaro,

Nilikuja.

Nilipanda ndege mpaka Osaka, kisha treni ya kwanza ya asubuhi. Nilipita kwa bibi nikavaa koti la mtaa. Danjiri lilipotokea kwa mbali nilikuwa nimeshasimama kando ya kreti yako, umbali wa mkono. Nilikuita. Ngoma zilikuwa zinapigwa, nikasema moyoni husikii. Nikasogea mpaka upepo wa pepeo zako ukawa unanipiga usoni. Nikakuita tena. Hukugeuka. Ulikuwa unatazama kulekule kulia linakotokea danjiri, na lilipokwisha kupita ukaendelea kutazama kulekule. Ukacheka na muuza tofu. Ukawapa mikono vijana wa kamba mmoja mmoja. Mimi ukaniruka kama nguzo ya umeme.

Ngisi nimemweka chini kando ya kreti.

Sikulaumu. Nilikuandikia nilipofika, mpaka kwenye lifti, ukanijibu kwamba sikufika hata mlangoni. Nilikuandikia nilipo kwenye video, ukanijibu kwamba simo. Nilidhani unanifariji kwa namna yako. Sasa nimeelewa ulichokuwa unasema. Kwako mimi simo tena. Una haki.

Umecheza vizuri. Daichi hakuyumba hata kidogo. Danjiri liligeuka kama mlango uliotiwa mafuta.

Koti nimelirudisha kwa bibi. Usiniandikie tena.

Shuhei


26 Septemba

Kwako Shuhei,

Umenikataza kuandika. Ndiyo sababu naandika.

Kabla hujasoma, itazame karatasi. Imejaa. Inaanza kulia na inakwenda mpaka ukingo wa kushoto, na pale ukingoni utaona nimetoboa matundu nikapitisha uzi mwekundu. Kila mstari nilikuwa nautafuta uzi kwa kidole, nisipougusa naendelea. Nimelala mara kadhaa njiani. Ni karatasi ya kwanza kuimaliza tangu nianguke, kwa hiyo ukiichana nitakuja huko huko nikuvue helmeti.

Jioni ya sherehe nilikaa nyumbani na vijana wote wa kamba, nikawaambia, "Mnaona? Shuhei hakuja. Nilijua yule ni mwoga." Nilisema kwa sauti. Nilisema zaidi ya mara moja. Mama akaingia na mfuko akauliza, "Ngisi huyu wa nani? Alikuwa chini kando ya kreti, upande wa wali."

Hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani kwetu siku hizi. Bakuli la wali hukaa kushoto na supu kulia, kama kwenu, kama kwa kila mtu. Mama hakuwahi kuninyima wali, Shuhei. Wali ulikuwepo kila siku.

Nusu karatasi haikuwa heshima. Niliona imejaa.

Kushoto kwangu hakuna kitu. Si giza, giza ningeliona. Ni kama mgongoni kwako, hukuoni na huoni kwamba hukuoni. Ubongo ulioumia ndio uliofanya hivyo, na Bi Hamaguchi aliniambia tangu Machi, nami nikamwomba usiambiwe. Kwenye video wewe humo kwa sababu uko kushoto kwenye picha. Uliniandikia hivyo mwenyewe, ila mstari huo ulikuwa upande wa wali wa karatasi. Habari ya lifti nayo ilikuwa hukohuko. Na kandambili za mama. Nimezisoma juzi tu, nilipozitoa barua zako zote na kuzipitia upya na uzi. Kumbe huwa unaaga vizuri.

Mama nimemwambia habari ya lifti. Amesema alimwona kijana akiinama, na alijua ni wewe. Alidhani hukutaka kutambuliwa, akakuachia njia.

Uzi ninao wa kuvaa mkononi. Nauvaa kila siku. Asubuhi ya sherehe niliuvua nikauficha kwenye droo ya soksi, kwa sababu ulikuwa unakuja. Sikutaka uuone uniulize ni wa nini.

Sasa usianze. Ukinisemesha kama unanivusha barabara nitakurushia sahani, na hilo pia ni ubongo, nina cheti. Sijamaliza kazi mimi. Mwakani nitakuwa kwenye kona ile, kreti ile, uzi mkononi mbele ya watu wote, na atakayecheka nitamcheza yeye badala ya ngoma. Bi Kurata anataka kuja kusimama pale apige filimbi. Anaiita "ile ya mdomo". Kikundi kizima kinakuja, na dereva wa lori tumemwambia acheke anavyotaka. Bado nafasi moja, upande wa wali. Hapo nahitaji mtu anayejua kunipiga ngumi ya bega mpaka nigeuke. Na ukitaka kunitukana, mtukane huyu wa sasa. Ana mengi ya kutukanwa kuliko yule.

Nilikuandikia kwamba lami ndiyo iliyoharibika. Lami ni nzima, walikuwa wanapitisha bomba la maji. Paa nimelikosa, nimezoea. Breki yako sitaijua kamwe, na wewe jifunze kuishi na kutoijua kwangu. Hayo yote nayaweza. Lililoharibika kweli ni hili moja: ulitoka Hokkaido ukasimama umbali wa mkono kutoka kwangu, ukaniita kwa jina, na mimi nilikuwa natazama kulia, nakutafuta.

Rintaro